Siku Ambayo Mvua Haikupimwa

Mwaka wa 1999, yule dada wa kompyuta katika ofisi yetu ya kilimo pale Embu alikuwa akiifunika mashine yake kwa kitambaa alichokishona mwenyewe, na hakukifunua kabla ya kunawa mikono. Takwimu za mvua alizipiga kwa vidole viwili, akizihesabu kwa Kiembu chini kwa chini, kisha zikageuka michoro kwenye tovuti: ukibonyeza mwezi, nguzo za mvua ya kila siku zinainuka. Wageni wa Nairobi walipomsifu alisema tu, "Bado," akapangusa kioo kwa mkono wa sweta.

Siku moja Mzee Nthiga, aliyetupimia mvua kule Gachoka, alikuja kuiona kazi. Akabonyeza Aprili, akakunja uso. "Madam, hapa tarehe kumi na nne unasema hakukunyesha. Siku hiyo tulikuwa tunazika jirani. Nani angeacha kaburi aende kusoma kipimo? Lakini ilinyesha, mpaka jeneza likateleza mikononi mwetu." Daftarini mwake alikuwa ameacha nafasi tupu, nayo kompyuta ikaichora kama sifuri.

"Acha sifuri ibaki," nikamwambia dada. "Nani atajua?"

"Huyu mzee anajua."

Alihangaika nayo siku tatu. Sasa pale pana pengo, na ukilibonyeza linaandika: *Hatukupima. Tulikuwa mazishini.* Tangu hapo, mgeni akija, mimi ndiye ninayembonyezea pengo lile, kabla ya nguzo yoyote.