Wimbo wa Babu Uliokatizwa Sparkbrook

Binti yangu ameleta karatasi za fotokopi kutoka shuleni. Bado zinanuka wino, na hasira imenipanda hata kabla sijazisoma.

Karatasi zenye harufu hiyo zilikuwa mfukoni mwangu siku tulipomuaga babu, katika ukumbi wa kukodi mtaani Sparkbrook, huku Uingereza. Juma lile, shuleni, mwalimu alikuwa ametusomea kutoka karatasi hizo shairi la kale la Waingereza. Shujaa anachomwa pamoja na silaha zake, kipagani kabisa, kisha mshairi huyo huyo anamshukuru Mungu.

"Imani mbili katika wimbo mmoja," mwalimu alisema. "Huo ndio utajiri wake."

Nyanya aliinuka kando ya jeneza akaanza kumsifu mumewe kwa wimbo wa lugha ya kwao, akitaja mababu zake na ng'ombe aliowakomboa kutoka kwa wezi. Pasta akamshika bega.

"Mama, keti. Hapa hatuiti mizimu."

"Siiti mtu," nyanya akajibu. "Namsindikiza mume wangu."

Pasta akamkalisha kwa nguvu, akaiashiria kwaya ianze.

Nikapiga kelele kwa Kiingereza, maana Kiswahili kilinikwama: "Mbona Waingereza waliruhusiwa?" Hakuna aliyejua kwamba nasema juu ya lile shairi. Mama alinizaba kofi mbele ya watu wote.

Nyanya aliishi nasi miaka sita zaidi. Nilimsihi mara nyingi animalizie ule wimbo, na kila mara alinijibu bila kunitazama:

"Kamuulize pasta wenu."

Alizikwa kwa nyimbo za kwaya.