Mikebe Tisa ya Shangazi Nkatha

Tulipokuwa wadogo kule Kanyakine, jikoni kwa watu wengi kulikuwa na kiungo kimoja tu, nacho ni chumvi. Ninyi wa rika langu hamtabisha. Mahindi na maharagwe yalichemka tangu asubuhi, yakatiwa chumvi, yakaliwa, na aliyeongeza kitunguu alionekana anajidai. Kwetu mambo yalibadilika siku dada yake baba, Shangazi Nkatha, aliporudi kutoka Mombasa, alikokuwa akipika katika nyumba za watu kwa miaka mingi. Hakurudi na mume wala mtoto. Alirudi na sanduku la bati, na chini ya leso zake kulikuwa na mikebe tisa ya viungo.

Baba alimpa chumba kilichopakana na jiko. Tangu hapo, tukitoka shule, harufu ilitupokea kwenye mibuni ya shambani kabla hata mbwa hajatuona: mbegu za dania zikikaangwa bila mafuta, karafuu, iliki, tangawizi mbichi ikipondwa kwenye kinu chake kidogo. Majirani walicheka, wakasema kwetu kunanuka kama dukani. Kisha walikuja na bakuli kuomba mchuzi. Sisi watoto tuliiba manjano tukaenda kucheza kalongolongo nyuma ya ghala, tukapika matope ya rangi ya dhahabu kwenye vifuniko vya makopo. Siku moja mdogo wangu, Murithi, alijipaka manjano uso mzima akaenda shule hivyo. Mwalimu akamrudisha mbio, akidhani ni ugonjwa wa ini. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Watoto wa leo wanapika kwenye simu, wakimaliza hawana hata masizi ya kuosha.

Nilikuwa na miaka tisa macho yangu yalipoanza kunitoroka jioni. Mchana niliona vizuri. Jua likishaingia nyuma ya mlima, tukiwa bado tunacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpira wa makaratasi uliniponyoka machoni nao ukanipata puani. Nilijikwaa kwa mbuzi waliokuwa wamelala mbele yangu. Wenzangu wakaniita Kuku, kwa sababu kuku naye giza likiingia haoni. Mama alidhani ni uzembe. "Kendi, hayo macho ulipewa ya nini?" alinikemea kila nilipomwaga maji.

Shangazi ndiye aliyegundua. Jioni moja alininyooshea kikombe cha chai, nami nikapeleka mkono pembeni yake, nikashika hewa. Alikisogeza upande wa pili. Nikashika hewa tena.

"Mama Kendi," alimwita mama polepole, "huyu mtoto haoni. Usimgombeze tena."

Mboga za majani nilikuwa sizitaki kabisa. Nilizificha chini ya kigoda. Shangazi hakunilazimisha. Aliweka mafuta kidogo kwenye sufuria, akatia kitunguu, tangawizi, manjano na pilipili manga, halafu ndipo akatia terere au majani ya kunde. Malenge aliyapika na karoti na mbegu za dania zilizosagwa. Nililamba sahani. Kila Jumamosi alitembea hadi Nkubu kununua kipande cha maini, akanipikia mimi kwanza. Baada ya majuma kadhaa, jioni moja, niliuona mpira ukija. Niliudaka kwa mikono miwili nikapiga kelele kama mwehu.

"Ni manjano," Shangazi akasema. Wote tuliamini. Nilikuja kufundishwa chuoni, nilipokuwa nasomea ualimu, kwamba kilichonirudishia macho ni vitamini iliyokuwa ndani ya mboga, malenge na maini. Viungo vilifanya kazi ya kunifanya nile. Lakini wakati ule nani angetuambia? Sifa za Shangazi zilienea. Watu walimjia na macho yanayowasha, macho yanayotoa machozi, na yeye akawapimia vijiko vya manjano na dania katika vipande vya karatasi. Mwanamke ambaye watu walimsengenya kwa kurudi mikono mitupu sasa alikuwa anasalimiwa kwanza kanisani. Ukimtazama alivyotembea siku zile, ungedhani ameongezeka kimo.

Ndiyo maana nadhani aliona aibu kumwambia mtu jicho lake la kulia lilipoanza kuwa na ukungu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliona tu kwamba amezidisha manjano, tena kwenye uji na kwenye chai, hadi midomo yake ikawa na rangi. Ukungu haukuondoka. Alasiri moja nilimkuta amechemsha karafuu kwenye kisufuria, ameyapoza maji yake na kuyachuja kwa kitambaa. Baba na mama walikuwa shambani. Alinikabidhi kijiko kidogo, akakaa kwenye kigoda, akainua uso.

"Nidondoshee hapa. Mkono wangu unatetemeka."

"Shangazi, si itauma?"

"Dawa isiyouma si dawa. Wewe nilikutibu, sivyo? Basi nitibu na mimi."

Nilidondosha tone la kwanza. Alikishika kigoda kwa nguvu. Nikasita. Akasema, "Endelea." Nikadondosha la pili, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Alijifunika uso kwa leso. Alipoweza kusema, aliniomba nisimwambie mtu yeyote, nami nilimpenda, nikanyamaza. Siku tatu alisema ni vumbi la unga. Siku tatu nilienda shule na kurudi bila kumwambia mtu, nikila chakula chake na kukimeza kama mchanga. Siku ya nne mama alimvua ile leso kwa nguvu, akaona jicho limekuwa jeupe na kuvimba.

Tulienda hospitali siku hiyohiyo, ukoo na majirani. Tulikuwa saba: baba, mama, mimi na Murithi, majirani wawili, na mama mmoja wa kanisa aliyebeba chakula kwenye kiondo. Muuguzi alituuliza kama tumeleta mgonjwa au bibi harusi. Alipoliona jicho aliacha mzaha.

Daktari alilitazama kwa muda mrefu. Akatueleza kwamba ule ukungu ulikuwa mtoto wa jicho, ugonjwa ambao hauondolewi na chakula wala kiungo, bali kwa upasuaji, na kwamba ungeondolewa bila shida. Ila sasa kioo cha mbele cha jicho kilikuwa kimeungua, tena kimeingiwa na vidudu. "Nani alimtia kitu machoni?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Shangazi alinitangulia.

"Mimi mwenyewe," alisema. "Kwa mkono wangu."

Jicho lile halikuona tena. La kushoto nalo lilikuwa limeanza ukungu, na mwaka uliofuata walilipasua. Kitambaa kilipofunguliwa alitutazama mmoja mmoja, akaniacha mimi wa mwisho. "Kumbe umerefuka hivi," akasema. Niliangua kilio hapo wodini, wakadhani ni furaha.

Jumapili ya kwanza aliyorudi kanisani, Shangazi aliomba kusema neno. Alisimama mbele ya watu walewale aliowapimia vijiko. "Manjano kuleni," alisema, "na dania, na tangawizi, kuleni na mboga zenu. Lakini msitie chochote jichoni. Na jicho likipata ukungu, msije kwangu. Nendeni hospitali. Mimi sikwenda, mnaniona." Alikaa. Hakuna aliyepiga makofi. Hawakumjia tena na macho yao, na baada ya hapo alitembea kama zamani, akipita pembeni ya njia. Sikumwomba msamaha kamwe. Kila nilipojaribu alinituma kuni. Alifariki nikiwa nafundisha mbali, na sikufika hadi siku ya mazishi.

Sasa nimestaafu. Mume wangu alitangulia, Murithi yuko Nairobi na ana wajukuu wake, mwanangu wa kiume anafanya kazi Kitengela, na binti yangu yuko ng'ambo. Napika terere sufuria ndogo, natia tangawizi na manjano, na bado inabaki ya kesho na kesho kutwa. Binti yangu hunitumia video kwenye simu. Ya juzi ni ya kijana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa, anasema ukinywa manjano na ndimu kwa siku saba utatupa miwani. Yeye mwenyewe amevaa miwani. Ningeweza kumwandikia binti yangu yote niliyowaambia hapa. Namwandikia, "Asante mama, Mungu akubariki," kwa sababu nikianza kubishana atasema yuko kazini, na hiyo video ndiyo ujumbe pekee ninaoupata kwake kwa wiki.

Mwezi uliopita herufi za Biblia zilianza kuelea. Sikungoja. Nilienda kliniki ya macho huko Meru mjini, Makutano. Msichana wa pale, mpole sana, alinitia matone ya kupanua mboni, kisha akaniuliza, "Shosho, nani amekuja na wewe? Ukitoka hautaona vizuri kwa masaa kadhaa. Lazima mtu akushike mkono."

"Yuko nje," nikasema.

Daktari alinipima akaniambia mtoto wa jicho ameanza, bado ni mdogo, nirudi baada ya miezi sita. Habari njema. Nilitoka nayo na sikuwa na wa kumpa. Nje mwanga ulinichoma, watu wakawa vivuli vyenye rangi, malori yakapita kama kuta zinazotembea. Nilipapasa benchi nikakaa.

Enzi zetu hatukuwa na kliniki hizi. Hatukuwa na mashine ya kutazama ndani ya jicho, wala mtu wa kutueleza kwa upole nini kitiwe jichoni na nini kibaki sufuriani. Tuliumia kwa kutojua, na wengine tuliumiza tuliowapenda. Leo kila kitu kipo, na ni kizuri, nakishukuru. Lakini mwanamke asiye na mume wala mtoto alisindikizwa hospitali na watu saba na kiondo cha chakula. Mimi mwenye watoto wawili niliketi Makutano kutoka saa tano hadi saa tisa alasiri, mkoba nimeukumbatia kifuani, nikingoja. Nilipoweza kusoma namba za magari, nikainuka.