Mjane wa Bwana Lakini

Jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika mapema, kwa sababu kila aliyemsemesha alijibiwa kwanza kwa neno moja: "Lakini." Ukimwambia mvua inakuja, atakwambia, "Lakini upepo umegeuka." Ukimsifia shati, "Lakini kola imechoka." Makanika wenzake kwenye karakana ya mabasi wakambatiza Bwana Lakini, na jina likamganda kama grisi kwenye kucha. Mkewe, mpiga pasi katika hoteli kubwa ya mjini, naye akaitwa Mama Lakini, ingawa yeye hakuwa mtu wa lakini hata chembe. Shuka ikimjia na makunyanzi, hakuuliza nani kaikunja. Aliipitishia pasi ikanyooka, akavuta nyingine.

Kwenye ndoa yao, hapo ndipo palipokuwa na moto. Si moto wa kuvunja vyombo, la. Kila Jumapili alasiri walivuka barabara mpaka bustani ya halmashauri, wakakaa kwenye benchi karibu na bomba la maji, wakabishana. Waliopita walidhani wanagombana. Waliowajua walipita wakicheka.

Mada ilikuwa ile ile, ila kila wiki ilivaa nguo mpya. Kwenye karakana ile, mtu mweusi hakuwahi kuwa msimamizi. Bwana Lakini aliomba cheo hicho kila kilipotangazwa, na kila mara walimleta mwingine, mweupe, aliyetoka kwingine.

"Ni rangi, mke wangu. Usizunguke mbuyu."

"Na kuchelewa je? Wiki gani umefika kazini kabla ya kengele?"

"Lakini hata huyo waliyemleta anachelewa!"

"Basi wewe usichelewe, tuone watashika wapi."

"Kwa nini niwe malaika mimi, ili nipate kile ambacho mwenzangu anakipata kwa kuwa binadamu tu?"

Siku aliyosema hivyo, Mama Lakini alitazama maji yanayodondoka bombani, akasema kumeanza kuingia baridi, waondoke. Wiki nzima alilitafuta jibu huku mvuke wa pasi ukimpanda usoni, na Jumapili akarudi nalo: "Kwa sababu ukiwangoja wao wabadilike, utazeeka ukingoja. Kilicho mikononi mwako ni saa ya kuamka tu. Anza na hicho." Bwana Lakini alicheka mpaka akashika mbavu. Alipenda kujibiwa.

Naye mwanamke hakuwa kipofu. Pale hotelini aliona kwamba wote wa chumba cha kufulia, kule chini kusikokuwa na madirisha, walikuwa na rangi yake, na wote wa mapokezi hawakuwa nayo. Ila alijiapiza kupiga pasi mpaka aonekane, na kweli akaonekana, akafanywa kiongozi wa wapiga pasi. Alirudi nyumbani kifua mbele. Mumewe akampikia chai, akamvutia kiti, kisha akasema, "Hongera, mke wangu. Lakini wamekupa uongozi wa chini ya ardhi. Hata panya wana mkubwa wao." Mkewe akamrushia kitambaa cha jikoni, wakacheka wote wawili, na chai ikapoa.

Halafu kifua kikambana mzee, akalazwa, akaaga dunia mchana mmoja baada ya kubishana na daktari kuhusu urefu wa mto wa kulalia.

Mama Lakini alilia kama wanavyolia wajane wote. Lakini kilichomchoma zaidi hakukitegemea. Kila aliyekuja kumpa pole alikubaliana naye. Akisema kazi ya Mungu haina makosa, wanaitikia. Akisema vijana wa siku hizi hawajitumi, wanaitikia. Maneno yake yalikuwa yakitoka na kuanguka sakafuni, hakuna wa kuyadaka na kumrudishia. Jikoni akawa anasema jambo, kisha anatulia kidogo, akiacha nafasi. Ile nafasi ilikaa wazi, na jokofu likanguruma.

Binti yao, aliyekuwa nesi, alimkuta siku moja amesimama hivyo, kijiko mkononi.

"Mama, unamngoja nani?"

"Simngoji mtu. Nasikiliza kama maji yamechemka."

"Jiko hujaliwasha, mama. Njoo ukae kwangu."

"Kwako kuna amani mno," alijibu, na binti hakuelewa kama lile lilikuwa sifa au lawama.

Mwaka ule bustani ikapata uzio na lango, na kwenye lango pakawekwa mlinzi. Ilisemekana watoto wa majengo ya upande huu wanatupa taka na kung'oa maua. Jumapili moja Mama Lakini alifika, mlinzi akamnyooshea mkono.

"Kitambulisho, mama."

"Cha nini, mwanangu? Nakuja kukaa."

"Ndiyo amri, mama."

Alipokuwa akipekua mkoba, mwanamke mweupe mwenye mbwa aliingia, akamwambia mlinzi habari za mchana, akaendelea na safari yake. Hakuulizwa kitu. Mlinzi mwenyewe alikuwa mweusi tii, na jicho lake lilikwepa. Mama Lakini alitoa kitambulisho, akaingia, akakaa. Alijiambia yule kijana anatafuta riziki, na kweli watoto wa jengo lao wana fujo, yeye mwenyewe amewahi kuwafokea. Alijisemea yote haya kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kisha akageuka upande wa kushoto, alipozoea kukaa mumewe, asikie atapingwaje. Upande wa kushoto kulikuwa na jani kavu. Akainuka, akarudi nyumbani.

Si yeye peke yake aliyeulizwa. Manung'uniko yakazidi ngazini, mpaka wakazi wakaitisha mkutano katika ukumbi wa chini wa jengo, siku hiyo hiyo wachague na mwenyekiti wa kamati. Aliyetazamiwa kuchukua kiti ni Mhasibu, mstaafu wa ghorofa ya tatu, rafiki wa marehemu, mtu wa heshima zake na shati lisilokosa kufungwa kifungo cha juu.

"Ndugu zangu," alisema Mhasibu, "tusikimbilie kulia rangi. Nyani haoni kundule. Nani anatupa chupa bustanini? Ni watoto wetu. Uongozi unaanza nyumbani. Kila mzazi amshike wake, na lango litafunguka lenyewe."

Makofi yakapigwa. Mama Lakini naye alipiga, kwa kuwa maneno yale yalikuwa yake, neno kwa neno, ya miaka mingi pale bombani. Mhasibu akamwona, akatabasamu.

"Shemeji yangu yupo hapa. Kila mtu anajua msimamo wake. Shemeji, hebu tuunge mkono."

Akasimama ili aunge mkono. Wallahi, hakusimama kwa nia nyingine. Alifungua mdomo, akatazama zile nyuso zilizokwisha kukubali kabla hajasema, na akapatwa na upweke ambao hata makaburini haukumpata. Chumba kizima, na hakuna mmoja wa kusema lile lililobaki kusemwa. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, na yeye akaona haiwezekani, si leo.

"Taka ni zetu," alisema. "Hilo sibishi. Lakini..."

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha kikakatika, kwa sababu mwenyewe hakucheka.

"Lakini yule mama mwenye mbwa, mbwa wake anaacha uchafu, na hakuna anayemwomba kitambulisho. Mtoto wake akitupa chupa, anaitwa mtoto mtundu. Wetu akitupa, ni sisi sote, hadi bibi mwenye miguu mibovu. Kwa nini sisi tuwe malaika ndipo tukae kwenye benchi?"

"Shemeji," Mhasibu alisema kwa upole, "huo si msimamo wako."

"Ni wa mume wangu. Hana wa kumsemea, nami nimechoka kushinda peke yangu."

Kisha akafanya jambo ambalo marehemu asingelifanya, kwa sababu marehemu alikuwa hodari wa kusema kuliko kuamka mapema. Alisema Jumamosi asubuhi watakwenda bustanini na mifagio, wazazi na watoto, wasafishe kila kona, wala hakuna atakayetoa kitambulisho langoni. Wakizuiwa, watasimama hapo hapo bila kumtukana mtu. "Kiongozi ndiye atakayetangulia," alisema. "Nani anatangulia?"

Watu walitazama viatu vyao. Mhasibu alitazama kifungo chake. Basi uchaguzi ukaisha bila kura, na kiti kikamwangukia Mama Lakini.

Jumamosi alitangulia, na nyuma yake wakafuata wengi kuliko alivyotarajia, Mhasibu akiwemo, na fagio jipya kabisa. Mlinzi alipoomba vitambulisho, Mama Lakini alisema, "Leo hapana, mwanangu. Mpigie mkubwa wako, wewe usijiponze." Mkubwa akaja, akafoka, akachoka kufoka. Jua likapanda. Mwishowe wakaruhusiwa wafagie, lakini amri ya lango ikabaki. Wakaandika malalamiko halmashauri, hawakujibiwa. Walichovuna ni jambo moja tu: mkubwa aliona aibu, akaagiza kwamba kuanzia sasa kila mtu aulizwe, bila kuchagua.

Na kweli, wiki iliyofuata yule mwanamke mwenye mbwa akaulizwa. Kitambulisho hakuwa nacho. Alipiga simu moja tu, akiwa amesimama pale pale langoni. Kabla ya wiki kwisha, amri ikafutwa, na mlinzi akahamishiwa mahali pengine.

Jengo likasherehekea. Wengine walisema usafi ndio uliowaokoa, wengine walisema simu ya mweupe. Mama Lakini alikwenda bustanini na mambo yote hayo yakimchemka kifuani. Alijua kabisa mumewe angesema nini juu ya ile simu, na alijua jinsi ambavyo angemjibu, kwamba bila mifagio hata yule mama asingeulizwa. Ilikuwa ndiyo mada nzuri kupita zote walizowahi kuzipata. Angekuwepo, wangebishana mpaka taa za barabarani ziwake.

Mhasibu alimkuta hapo, akaomba kukaa. Mama Lakini akamweleza yote, pande zote mbili, kwa haraka, kama mtu anayegawa karata.

"Ni kweli, shemeji," Mhasibu alisema.

"Kipi ni kweli?"

"Vyote ulivyosema. Nakubali kabisa."

"Hebu kataa kidogo."

"Nikatae nini?"

"Chochote, shemeji. Kataa tu."

Mhasibu, mtu mwema, alifikiri kwa bidii. "Labda," alisema, "mifagio ingekuwa mikubwa zaidi." Mama Lakini alicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipoanza hayakujua kusimama. Mhasibu akampa leso, akamuuliza kama anaumwa. Akamwambia hapana, ni jua tu.

Uenyekiti alibaki nao. Katika kila mkutano, wote wakishakubaliana, humwita mmoja kwa kidole, akamlazimisha kutetea upande usio na mtu. Wakazi wameshazoea, na wengine huja na hoja tayari mfukoni. Binti yake humsindikiza siku ambazo hana zamu. Majuzi, walipokuwa wakipanda ngazi, alimuuliza mama yake kama kweli anaamini yale aliyoyatetea jioni ile kwa sauti kubwa.

"Nusu," alisema mama, akashika ukuta apumzike. "Ile nusu nyingine alikuwa nayo baba yako."

Binti akampokea mkoba, wakaendelea kupanda.