Mlango wa Jikoni

Mimi naitwa Kaluki, wa Ndithini, na kabla hujanicheka ujue kwamba kwetu mwanamke hakai chumba kimoja na mume wa binti yake. Haketi naye mezani, hamwangalii usoni, na nguo zake hazigusi. Sisi Wakamba tunaiita nthoni. Ni aibu, lakini ni aibu ya heshima. Mkwe wangu Urbanus akija kutusalimia hupelekwa nyumba ya vijana, chakula kinamfuata huko, nami namsalimia nikiwa nyuma ya mlango. Tukikutana njiani, mmoja wetu anaingia shambani hata kama ni matope. Tulikuwa tunapendana hivyo, yeye huko na mimi huku, bila neno.

Shida ililetwa na yaya. Aliondoka asubuhi moja bila kuaga, na binti yangu Wanza akanipigia simu akilia. Anashona nguo katika kiwanda kimoja hapo Athi River, na huko hawataki kusikia habari ya mtoto. Akaniomba nije nimshike mtoto wake, Nzilani, mpaka apate msichana mwingine. Nikamwuliza nitalala wapi. Akasema, mama, nafasi iko. Iko wapi, jameni! Lakini utamwachaje mtoto wako akilia kwenye simu? Nikaziacha kunde zangu zikiwa tayari kuchumwa, mbuzi nikamwachia jirani, nikaenda.

Ile nyumba iko ghorofa ya tatu. Chumba cha kulala kimoja, sebule moja, choo kimoja, na jikoni ya kumtosha mtu asiye mnene. Godoro langu likatandikwa sebuleni, na mlango wa chumba chao unafungukia pale pale miguuni pangu. Asubuhi ya kwanza nilifungua macho nikamwona Urbanus amesimama na taulo kiunoni, anataka kwenda kuoga. Mimi kichwa wazi, mguu mmoja nje ya blanketi. Aka! Alirudi nyuma kama mtu aliyekanyaga nyoka. Hakuoga siku hiyo, na sijui haja zake alizimalizia wapi. Mimi nilivuta blanketi mpaka kichwani nikatamani ardhi ipasuke initie ndani, ila chini hapakuwa na ardhi, palikuwa na nyumba ya watu wengine.

Nikajitafutia dawa. Jioni, nikisikia viatu vyake kwenye ngazi, nilikuwa naingia jikoni na mtoto mgongoni, nafunga mlango, naketi juu ya ndoo. Huko nakaa mpaka ale, aangalie habari, aingie chumbani. Joto la meko linanipiga usoni, mgongo unalia, lakini heshima imelindwa. Wanza aliniambia mambo hayo yamepitwa na wakati, kwamba waume wa wenzake wanakula meza moja na mama wakwe zao na hakuna aliyekufa. Nikamwambia wenzake si watoto wangu.

Basi Urbanus akaanza kuchelewa. Mwanamume aliyekuwa anafika jua likiwa bado liko juu, sasa anaingia giza limeshika kabisa. Anasema ni ovataimu. Akifika anabugia chakula upesi upesi na kukimbilia chumbani. Wanza aliamini. Mimi ndiye sikuamini. Nimeishi miaka mingi, nimeona wanaume wengi, hata baba yake Wanza, Mungu amrehemu, nilimwona. Nikamwuliza Wanza ni ovataimu gani hiyo ya kila siku. Nikamwambia anuse mashati. Akanusa, akaniletea nami ninuse, nikanusa kwa mbali bila kugusa. Yalinukia ile sabuni ya maji ya kulainisha nguo, yenye harufu ya maua. Sisi pale nyumbani tunafulia sabuni ya mche.

"Huyo ana mahali anapokaa," nikamwambia. "Na hapo mahali kuna mwanamke anayejua kufua."

Hayo maneno ni yangu. Sikuambiwa na mtu. Nikayarudia kesho yake, na kesho kutwa, wakati anamnyonyesha mtoto, na nikamwona binti yangu akikonda kwa sababu ya mdomo wangu. Nilidhani ninamlea. Mtoto hata akiwa na mtoto wake bado unataka kumwonyesha njia, ujione bado una kazi.

Siku moja akarudi kazini macho yamevimba. Amepiga simu kazini kwa mume wake, akaambiwa Urbanus ametoka mapema kama kawaida. Ovataimu haipo, na haijawahi kuwepo. Akasema leo huyu mtu atazikuta nguo zake nje ya mlango, aende kwa huyo anayemfulia. Mama mwenye akili angemwambia mtoto akae chini anywe maji. Mimi nilimwuliza begi liko wapi.

Tulipanga nguo pamoja. Mimi, ambaye sipaswi kugusa hata soksi yake, nilikunja mashati ya mkwe wangu moja moja. Nguo za ndani tu ndizo nilimwachia Wanza, nikageukia ukutani, kana kwamba hapo ndipo heshima ilikuwa imebaki. Begi lilikuwa limeharibika zipu. Nikavua leso yangu kiunoni nikalifunga kwa fundo la nguvu, lile tunalofungia kuni. Wanza akalisukuma begi nje, akafunga mlango, akaketi kwenye kochi. Mimi nilikuwa najisikia vizuri. Nasema ukweli, nilijisikia mama kamili.

Hapo mvua ikaanza. Nikakumbuka nepi za Nzilani ziko juu ya paa, kwenye kamba, na hakuna zingine kavu. Nikapanda ngazi mbio na haya magoti yangu. Juu kulikuwa na taa moja, na mashuka ya wapangaji yanapigwapigwa na upepo, yananukia maua, ile sabuni ya maji. Nilisimama. Pua yangu ilijua kabla ya kichwa changu.

Alikuwa chini ya tangi la maji, ameketi juu ya tofali, miguu ameikunja mvua isimfikie. Begi lake la kazi liko mapajani, na juu yake kuna kipande cha chapati kwenye karatasi. Aliponiona alishtuka akataka kukimbia, lakini njia ya kushukia ilikuwa nyuma yangu. Mimi nami nilitaka kukimbia. Nikavuta shuka la watu lililokuwa kwenye kamba nikaliweka kati yetu, nikalishikilia kwa mikono miwili. Nikauliza nikiwa nyuma ya shuka.

"Baba Nzilani, unafanya nini huku?"

Mvua inanipiga, shuka linanigandia usoni.

"Nangoja, mama."

"Unangoja nini?"

"Nangoja wewe ukae kidogo," akasema. "Nikiingia mapema unajifungia jikoni juu ya ndoo, na Wanza aliniambia mgongo wako unakuuma. Nikasema heri mimi nikae huku, angalau wewe ukae kwa kiti."

Nimetukanwa sokoni Kithyoko mbele ya watu, nimewahi kuanguka kanisani na sahani ya sadaka, lakini aibu kama ile sijawahi kuionja. Kila jioni niliponyoosha miguu kwenye kochi nikimsema, yeye alikuwa juu ya kichwa changu akininyooshea hiyo miguu.

Halafu nikakumbuka begi.

Nikaachia shuka, nikashuka ngazi nikishikilia ukuta. Nilitaka nifike kabla yake nilifiche, nilitupe hata kwenye choo cha jirani. Lakini magoti ni ya kikongwe na yeye ni kijana, naye alidhani nimekimbia kwa kupatwa na jambo, akanifuata mbio. Tulifika mlangoni karibu pamoja. Begi liko pale. Leso iko pale, ya bluu na korosho nyeupe, fundo limekaa juu kabisa. Ile leso aliniletea yeye mwenyewe, siku walipokuja na mbuzi wa ntheo kumwomba Wanza. Sijui kwa nini sikuikumbuka nilipokuwa nafunga.

Aliiangalia. Hakuniangalia mimi, hata hapo alinistahi. Wanza akafungua mlango, mdomo umejaa maneno aliyoyaandaa, na nikamwahi.

"Nyamaza, Wanza. Huyu hana mwanamke. Alikuwa juu ya paa kwa sababu yangu. Haya yote niliyatunga mimi."

Niliyasema kwa sauti, nikiwa nimeinamia sakafu, huku maji yananidondoka. Jirani wa mlango wa pili alifungua akachungulia, akasikia yote. Wanza alituangalia sisi wawili, akaanza kulia bila sauti.

Urbanus akapiga magoti, akafungua lile fundo. Lilimsumbua, maana nililikaza. Alipolifungua akaikung'uta leso, akaikunja mara nne, akamkabidhi mke wake.

"Mpe mama ajifunike," akasema. "Amelowa."

Nilipitiliza jikoni nikafunga mlango, nikalia juu ya ile ndoo mpaka mtoto akaamka. Nilikusudia kukipanga kikapu changu asubuhi nirudi Ndithini, na hata Wanza hakunizuia. Lakini asubuhi hiyo Urbanus hakwenda kazini kwanza. Nilisikia nyundo. Nilipotoka jikoni nikakuta amepigilia misumari, akavuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akatundika pazia zito lililoigawa sebule mara mbili. Upande wa dirisha aliweka kochi, lile zuri, na mto wa mgongo. Akaondoka bila kuniaga.

Sikwenda popote. Yaya mpya bado hajapatikana. Urbanus siku hizi anafika mapema kama zamani. Wanza anampitishia mtoto chini ya pazia, mtoto anacheka, anadhani ni mchezo. Urbanus hajawahi kuniuliza chochote kuhusu begi. Ila kila jioni, kabla ya kuingia, anasimama nje ya mlango na kuuliza kwa heshima:

"Mama, umekaa?"

Na kila jioni uso wangu unawaka moto nikiwa nyuma ya pazia, najifunika ile leso, najibu kwamba nimekaa.