Safu ya Buruji Niliyoiongoza kwa Macho

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipande cha bomba la kumwagilia bustani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, katika kambi moja ya vijana nje kidogo ya mji wa Morogoro, na Sajini Mkufunzi aliniambia nikatafute kona nipulize bomba hilo mpaka litoe sauti tatu zinazotambulika. Nikishindwa, jikoni kulikuwa na nafasi ya kumenya viazi. Nililipuliza siku nne. Wenzangu walipita wakiniuliza kama nimemeza mbuzi, na mimi, kwa ukaidi niliozaliwa nao, niliendelea kupuliza. Siku ya tano bomba likatii.

Buruji, kwa ninyi ambao hamjaiona ila kwenye picha, ni bomba la shaba lililokunjwa, basi. Haina vitufe kama tarumbeta. Ina sauti tano, na zote zinatoka kwenye midomo ya mpulizaji: ukikaza inapanda, ukilegeza inashuka. Kikosi cha ngoma na buruji kinapanga buruji mbele na ngoma nyuma. Kuna ngoma ndogo zenye nyuzi chini yake, zile zinazokwaruza, kuna za kati, halafu kuna ile kubwa inayobebwa kifuani na mtu mwenye mgongo imara. Mkufunzi husimama katikati, mgongo kwenye ngoma, uso kwenye buruji, kwa sababu ngoma zikikosea utazisikia tu, lakini buruji lazima uzisikilize.

Huko katikati ndiko nilikotumia ujana wangu. Mwaka wa kwanza nilijaribu kuziba masikio kwa pamba. Sajini Mkufunzi aliichomoa mbele ya kikosi kizima na kuipuliza ikapeperuka.

"Unaogopa kazi yako?" aliniuliza. "Mwuguzi haogopi damu. Simama."

Nikasimama. Nilimpenda mzee yule kama mtoto anavyompenda baba mkali, na leo nikimkumbuka namlaani kidogo, halafu najuta. Yeye mwenyewe alikuwa akizungumza kwa kupayuka hata msibani, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Morogoro ndiko nilikokutana na mume wangu, aliyekuwa mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini. Kwao kulipofunguka, miaka ile ya tisini, tulirudi pamoja, yaani yeye alirudi na mimi nilikwenda, tukiwa na binti yetu Thandi mgongoni na buruji yangu ndani ya blanketi. Johannesburg ilinipokea kwa baridi ya Julai na kwa watu walioniuliza kila siku nitarudi kwetu lini. Nilifua nguo za watu miaka miwili. Kisha nikasikia, nikiwa nimesimama kwenye robot nasubiri taa ya kijani nivuke barabara, sauti ya buruji ikitoka kwenye ukumbi mmoja wa Kensington. Ilikuwa inapulizwa vibaya sana. Niliingia bila kubisha hodi, nikamnyang'anya kijana chombo na kumwonyesha.

Mwenyekiti wa Kamati ya ukumbi ule, mwalimu mkuu mstaafu, mwenyeji wa hapa hapa, alinitazama kutoka mlangoni. Kesho yake nikawa Mkufunzi.

Vijana, siku hizo mashindano yalikuwa mashindano. Kila mtaa ulikuwa na kikosi chake, kila kikosi na sare zake, na Jumamosi ya fainali barabara zilijaa mabasi yenye watoto waliovaa manyoya kichwani. Majaji walianza na ukaguzi. Walipita safu kwa safu wakitazama vifungo, kucha, soksi, na kifungo kimoja kikining'inia mlishapoteza alama kabla ya kupiga chochote. Kisha gwaride la dakika kumi na mbili. Jaji mmoja alitazama miguu, mwingine ngoma, na wa tatu, tuliyemwogopa kuliko wote, alitembea katikati ya safu za buruji na karatasi yake, akitega sikio kwa kila mmoja.

Kazi yangu iliwahusu watoto wa kila aina. Walikuwepo wenyeji, wana wa Wakongo waliokimbia vita, Warundi, na watoto kama Thandi wangu, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanaelewa na kukujibu kwa Kiingereza. Amri niliwapa kwa Kiingereza, matusi madogo madogo kwa Kizulu, na waliponiudhi kabisa nilirudi kwenye Kiswahili, na hapo Wakongo walicheka kuliko wote. Kombe tulilichukua mara mbili. Najisifu? Najisifu. Sina kingine cha kujisifia.

Nilikuwa na mbinu moja ambayo wakufunzi wengi wanaijua na hakuna anayeiandika. Mimi niliiita kupuliza kivuli. Midomo ya mpulizaji huchoka haraka, na ukimlazimisha apulize dakika zote kumi na mbili atakupa mikwaruzo mwishoni. Kwa hiyo unawapumzisha kwa zamu. Anayepumzika hashushi buruji. Anaiweka mdomoni, anajaza mashavu, anapandisha mabega, lakini hewa anaimeza. Mtazamaji anaona safu kamili ya watu kumi na sita, na sauti inatoka kwa kumi. Niliwafundisha vizuri mno. Nilisimama nao mbele ya madirisha ya ukumbi mpaka nisiweze kutofautisha kwa macho anayepuliza na asiyepuliza.

Mume wangu alifariki mwaka ambao masikio yangu yalianza kuniacha. Sikujua kama ni masikio. Nilidhani watu wameanza kunong'ona kwa ajili ya msiba. Kisha nikagundua kwamba sauti ya tano ya buruji, ile ya juu kabisa, siipati. Baadaye ya nne. Ngoma nilizisikia, nyingine nilizisikia kwa kifua na nyayo, na mtu akikaa mbele yangu mahali patulivu tuliongea vizuri tu. Lakini buruji zilikuwa zinaondoka moja baada ya nyingine.

Sikumwambia mtu. Naomba mnielewe, ingawa mimi mwenyewe sijielewi tena. Nilikuwa mjane mgeni mwenye kazi moja tu aliyoijua duniani, na kazi yenyewe ilikuwa ya kusikia. Nikasema nitawaongoza kwa macho. Nilijua mdomo uliokazwa unafananaje na mdomo uliolegea. Nilijua shavu la sauti ya tatu na la sauti ya nne. Na kwa vile nyimbo zile nilikuwa nimezipiga miaka thelathini, nikiona mashavu yakisogea sawasawa kichwa changu kilizijaza sauti chenyewe. Nilizisikia, nawaapia. Nilizisikia safi kuliko zilivyowahi kuwa.

Kiongozi wa safu ya buruji wakati huo alikuwa Furaha, binti wa miaka kumi na saba, mama yake msusi kutoka Bukavu. Katika maisha yangu yote sikufundisha mpulizaji kama yeye. Sauti ya tano, ambayo wengine waliipanda kwa kujikamua, yeye aliifikia akiwa ametulia. Chuo kimoja cha muziki mjini kilikuwa kimemwahidi kumsikiliza baada ya fainali, na kama wangempenda wangemsomesha. Nilikuwa namwambia kila siku atunze mdomo wake kama mtu anavyotunza macho.

Mwaka ule baridi ilikuwa kali na watoto wengi walipasuka midomo. Wakaanza kupumzika kwa kupuliza kivuli bila zamu yao. Zamani ningewakamata kabla hawajamaliza wimbo. Safari hii niliwapita nikitikisa kichwa kwa kuridhika, na watoto ni watoto: walioona nimewapita wakapumzika tena kesho yake, na keshokutwa. Mdomo wa buruji usipofanyishwa kazi wiki tatu unakufa. Kufikia mwezi wa fainali, kati ya wale kumi na sita, hata waliotaka kupuliza hawakuweza. Aliyebaki anapuliza alikuwa Furaha. Alipuliza kwa nguvu za watu kumi na sita ili Mwenyekiti akipita nje ya ukumbi asikie buruji. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilimwona tu anatoka jasho kwenye baridi, nikamsifu kwa bidii.

Fainali ilifanyika kwenye uwanja mmoja wa Randburg, mchana wa jua jeupe lisilo na joto. Ukaguzi tulipita bila doa. Ngoma zikaanza, nikazisikia kwenye nyayo, na buruji kumi na sita zikapanda kwa pamoja, zote kwenye pembe moja. Mashavu yakajaa. Nilisimama pembeni ya uwanja napiga hatua papo hapo, na machozi yalinitoka kwa furaha. Nilijisemea kwamba nimeweza, kwamba naweza hivi mpaka nizeeke.

Yule jaji wa buruji aliingia katikati ya safu. Akatega sikio kwa wa kwanza, akaenda kwa wa pili, kwa wa tatu. Akaacha kuandika. Nikadhani anastaajabia. Alipofika kwa Furaha alisimama muda mrefu, na nikaona watu wa jukwaani wanageukiana, wengine wameziba midomo. Nikadhani wameguswa. Niliwatabasamia. Nilitabasamu, vijana, hadi nilipoona glavu nyeupe za Furaha zimekuwa nyekundu, na damu inamtiririka kidevuni hadi kwenye vifungo, na yeye bado ameinua buruji.

Mdomo wake ulikuwa umechanika katikati ya wimbo. Kutoka hapo kikosi changu kiliendelea na gwaride lote kwa ngoma tupu, safu nzima ya buruji ikipuliza kivuli, na mkufunzi wao pembeni akipiga hatua na kutabasamu.

Hospitalini walimshona. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, bado amevaa aproni ya saluni yenye nyuzi za nywele bandia. Nilijipanga kumweleza, sijui ningemweleza nini. Alinivuta karibu, akaweka mdomo kwenye sikio langu, akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, kwa nguvu, polepole, kama mtu aliyekwisha kuzoea kusema na kiziwi.

"Tulijuaka, Mama Thandi. Batoto bote balijuaka. Furaha alitaka kukuambia, miye njo nilimukataza. Nilisema ule mama ni mujane, kazi yake ile njo chakula yake. Pulizia bengine, nilimuambia. Pulizia bote."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anaungama. Tulikaa pale wanawake wawili tuliomharibu mtoto mmoja kwa huruma na kwa woga, yeye akiwa na huruma na mimi nikiwa na woga.

Mwenyekiti hakunifukuza. Ingekuwa afadhali. Alikuja nyumbani, akakaa mahali ninapouona uso wake vizuri. "Eish, Mama," alisema, "ungesema tu. Tungekuweka upande wa sare, ukawa unakagua vifungo. Nani angekutupa?" Nilimwandikia barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo. Kikosi hakikuingia tena mashindanoni. Wazazi waliwatoa watoto mmoja mmoja kwa aibu, na wale wa ngoma, ambao hawakuwa na kosa lolote, ndio walioondoka wa mwisho. Ukumbi ule sasa ni stoo ya magodoro.

Vikosi vingine navyo vimekwisha, kwa sababu zao wenyewe. Juzi kwenye soko la Newtown niliona buruji inauzwa kama pambo la ukutani, wameichomeka maua ya plastiki. Muuzaji, kijana mchangamfu, alidhani nataka kununua. Nilitaka kumwambia mambo mengi, lakini alikuwa ananisemesha huku ametazama simu, na mtu asiponitazama mimi simsikii.

Wastaafu wenzangu huwashauri vijana wapende kazi zao. Mimi niliipenda yangu kupita kiasi, na niliipenda hadi nikaifanya wakati siwezi tena kuifanya. Wekeni pamba masikioni. Mkishindwa kazi, semeni mapema, hata kama mtaaibika, maana aibu yangu mimi ililipwa na mtu mwingine. Sina ushauri zaidi ya huo, na huo wenyewe nimechelewa nao miaka mingi.

Chuo hakikumsikiliza Furaha. Mshono uliingia uchafu, msuli wa mdomo ukakatika, na tangu siku ile hajatoa sauti hata moja kwenye buruji. Ana kiti chake cha ususi Randburg sasa, na watoto wawili. Jumapili akitoka kanisani huja kunisuka, bila kuitwa na bila kukubali nimlipe. Akimaliza huzunguka, hupiga magoti mbele yangu, hunishika mikono na kuniambia jambo. Ni jambo lilelile kila mara, naona kwa namna anavyoanza. Mimi sasa nasikia watu kwa kuwasoma midomo, na nawasoma wote, hata Wakongo wanapoharakisha. Mdomo wa Furaha ndio unaonishinda, kwa sababu upande mmoja hausogei. Nimeogopa kumwomba aandike. Namwitikia kwa kichwa kama niliyesikia, naye hutabasamu kwa upande uliobaki, hukusanya vitana vyake na kwenda.