Moto wa Kuomba kwa Jirani

Tangu bibi ahamie kwangu hapa Singida mjini, nyumba yangu haitulii. Akiamka tu anazima taa ya barazani. Kisha anaipua kunde zangu kwenye gesi kabla hazijaiva, anaifunika sufuria na kuizungushia blanketi, eti zitajimalizia zenyewe. Na kweli, ndugu yangu, zinaiva. Halafu anaanza kuzunguka ua mzima: "Moto wangu kule nani anaufukia?"

Moto huo naujua. Kijijini kwetu, upande wa Mtinko, kuni tulizifuata mbali, nyuma ya majabali. Kwa hiyo ugali wa uwele ukishaiva, bibi alizivuta kuni upesi kutoka kwenye mafiga, akazizima kwa mchanga, akafukia kaa moja nene kwenye majivu lisubiri asubuhi. Tulinuka moshi hadi darasani, na mwalimu alitutania kwamba tumekuja na jiko. Kiberiti kilikuwepo, kimechomekwa kwenye kenchi, lakini kukiwasha ilikuwa aibu.

Kaa likifa, nilitumwa kwa jirani na kigae cha chungu. La jirani likifa, alikuja kwetu. Kuna mwaka mbuzi wake walikula uwele wetu ukiwa karibu kuvunwa, wakatupiana maneno yeye na bibi mpaka nikadhani hawatasalimiana tena. Haukupita muda, jirani huyo mlangoni na kigae chake, macho chini. Bibi akamchagulia kaa kubwa kuliko yote. "Moto hauombwi kwa kununa," alimwambia, wakaishia kucheka wote wawili. Nilikuwa nikingojea ugomvi, nikaambulia kicheko.

Juzi nilishindwa kuvumilia maswali ya bibi, nikaenda kijijini. "Ukikuta umekufa, omba kwa jirani, uufukie," aliniagiza. Nilikuta kuku wanaoga kwenye majivu ya baridi. Nikaokota kigae, nikavuka kwa jirani yule yule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Bibi mzima huko?"

Nilipomweleza nilichotumwa, alicheka hadi akashika mbavu. Akanionyesha mtungi wake wa gesi, akaniletea kiberiti kizima. "Chukua, mwanangu. Wala usirudishe."

Sisemi gesi ni mbaya. Miti inapona, na macho ya jirani hayatoki machozi tena. Alinipa kwa moyo mweupe, nami nikatoka pale roho inaniuma, kigae mkono mmoja, kiberiti mkono wa pili. Nilitamani angalau aninyime, nipate sababu ya kumbembeleza.

Niliporudi mjini, bibi alikipokea kiberiti, akakitikisa sikioni.

"Umeomba, au umepewa moja kwa moja?"

"Amesema nisirudishe, bibi."

Akakiweka chini. "Basi naye hana tena la kumleta kwangu."

Tangu siku hiyo haulizi habari za moto. Sasa anayezunguka ua ni mimi.