Niliona maji yakichukua viatu vya baba mkwe, nikanyamaza

Mhariri, nakuomba ufiche jina langu na kijiji changu, maana huku Rungwe ukurasa huu husomwa kwa sauti baada ya ibada, na wasiojua kusoma ndio wanaosikiliza kuliko wote. Nina miaka ishirini na sita, mke wa mwalimu. Nina mtoto mmoja, na wa pili yuko tumboni mwezi wa nne. Nimemngoja miaka sita.

Kwa wasomaji wa majimbo mengine nieleze kwanza. Kwetu Wanyakyusa mke hamkaribii baba mkwe. Simtazami usoni, sisemi naye, na jina lake silitamki. Nikimwona anakuja naingia migombani. Kama hajaniona nakohoa, naye anasimama mpaka nipite. Miaka minane nimempikia na kumfulia, na hajawahi kusikia neno langu hata moja. Sikulalamika. Niliona sahani zinarudi tupu, nikasema basi, ananithamini.

Mdogo wa mume wangu ni karani wa serikali kwenye kisiwa kimoja cha pwani. Alioa huko huko, binti wa Kibondei, Mkristo kama sisi. Nitamwita Agnesi. Walipopata mtoto wakaandika barua baba aende kumwona mjukuu. Mama mkwe miguu inamsumbua, akaniambia niende badala yake nimsaidie mzazi. Tukapanda basi, mume wangu na baba mkwe viti vya mbele, mimi nyuma kabisa na kanga usoni. Tulipolala Iringa mume wangu alimnunulia baba yake viatu vya ngozi, vya kwanza maishani mwake. Alivivaa kwa tahadhari, kama amebeba mayai.

Tulipofika kisiwani, Agnesi alimshika baba mkwe mkono. Alimshika mkono, wasomaji, akamwuliza, "Baba, umechoka? Nikuletee maji ya kuoga?" Nilidhani mzee atakasirika. Akacheka. Miaka minane sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake kwa karibu. Ni kicheko kizuri, na hakikuwa changu.

Jumapili walitupeleka ufukweni. Ni ufuko mdogo, ungetosha kiwanja cha kanisa letu tu, na hapakuwa na mtu mwingine. Wenzangu waliona uzuri. Mimi nilitafuta pa kujificha. Hakuna mgomba wala majani, ni mchanga mweupe tu, na mwenye aibu yake aende nayo wapi? Nikapata jiwe moja, nikakaa nyuma yake na mtoto wa Agnesi mapajani. Mchumia juani hulia kivulini, lakini mimi nachumia juani, kivulini anakula mwingine.

Agnesi alimvua mzee viatu, akaviweka karibu na maji, akamwongoza mpaka maji yakamfika vifundoni. Kisha wote wakatembea kuelekea mwisho wa ufuko, mzee akiuliza hili na lile, Agnesi akimjibu. Nikaona maji yanapanda. Yaligusa viatu, yakarudi, yakaja tena.

Sasa naungama. Ningeweza kuinuka nikaviokota, hakuna mila inayokataza. Ningeweza hata kukohoa, maana mahali pale palikuwa kimya na wangesikia. Nilikibana kikohozi kooni. Nilisema moyoni, aliyeviweka pale ndiye atakayelaumiwa, leo na yeye aonje. Kiatu cha kwanza kikaenda, kikafuata cha pili.

Waliporudi Agnesi alilia kama amefiwa. Mimi nikachungulia nione mzee anavyomkemea. Akamwekea mkono begani, akasema, "Usilie, mwanangu. Miguu hii imezeeka bila viatu, haitavililia leo." Nilichokipanda mwenyewe nikakivuna pale pale.

Tulirudi, mzee akiwa peku. Tulipofika nyumbani mume wangu akaniambia akicheka, "Baba ana maneno. Ameniuliza kama mke wangu siku ile hakuwa na kikohozi." Yeye alidhani ni mzaha. Mimi unga niliokuwa nimeushika ukanimwagika.

Kumbe mzee anajua. Tangu masika ameshikwa na ugonjwa, hainuki kitandani. Ndugu wamekaa, wakaamua Agnesi aje amwuguze, kwa kuwa yeye anaweza kuingia chumbani. Mimi nitapika, yeye atampelekea na kumlisha. Atafika baada ya wiki tatu.

Nataka kuingia kabla yake nimwombe radhi mzee. Siwezi kumtuma mume wangu, maana nitaanzaje kumwambia nilimfanyia baba yake hivyo kwa wivu? Nilimwuliza mchungaji, bila kusema kisa, akajibu, "Mwanangu, mila hiyo tuliiacha tulipobatizwa. Mkwe ni baba." Lakini mama mkwe, naye Mkristo, aliponiona nimesimama karibu na mlango alinivuta kando. "Yuko mmoja alisema na mkwe wake akiwa na mimba," aliniambia. "Kamwulize mimba ile iko wapi." Kisha akaniangalia tumbo, akaenda zake.

Nanyi msidhani mimi ni mtakatifu. Jana nilisimama nje ya ukuta wake nikamsikia anaita aletewe maji, hakuna mtu, na nilikuwa na kata ya maji mkononi. Nilimsubiri mama mkwe atoke shambani. Mzee aliita mara tatu, akanyamaza.

Wasomaji, nyinyi mnaoishi na wakwe zenu mkicheka nao, na nyinyi mnaojificha kama mimi, niambieni la kufanya kabla basi halijafika. Nikiingia nitasema ni kwa ajili ya viatu, na itakuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nataka aniite mwanangu kabla hajafa, hata mara moja, na sijui kama neno hilo lina thamani ya mtoto aliye tumboni.